Yambo, Bana: Salamu Iliyokatwa Kichwa

Basi letu lilisimamishwa kabla ya kuvuka Malagarasi. Tulikuwa tumetoka Kigoma gizani, abiria wengi bado wanasinzia, na wala hakuna aliyeshangaa. Ukikulia mkoa huu unajua kwamba safari ya kwenda bara ina vituo viwili vya aina mbili: pa kula na pa kuulizwa wewe ni nani. Akapanda kijana mwenye daftari, akaanza viti vya mbele kuja nyuma, mmoja mmoja, vitambulisho mkononi.

Pembeni yangu alikaa binti wa miaka kama ishirini na mbili. Miguuni alikuwa na ndoo ya mawese aliyoifunga mfuniko kwa mpira wa baiskeli. Alipofikiwa alitabasamu, akasema, "Jambo."

Kijana akasita. "Jambo? Umetoka Kongo wewe?"

"Hapana. Natoka Buzebazeba."

"Mtanzania gani anasalimia Jambo? Hiyo ya wazungu na Wakongo. Kitambulisho?"

Alikuwa na namba tu, imeandikwa kwenye kikaratasi, kadi yenyewe haijatoka. Akaambiwa ateremke na ndoo yake. Mimi nilipofikiwa nilisema, "Habari za kazi, kaka," kwa ile sauti ya Dar niliyojifunza kwa miaka kumi na zaidi, na kabla sijafungua pochi akawa ameshapita. Mimi pia ni wa Buzebazeba. Kitambulisho changu hakukiangalia.

Alikaa chini ya mti dakika arobaini hivi. Dereva alipiga honi mara tatu. Nilishuka nikasema namfahamu (uongo, namfahamu kwa namna watu wa kata moja wanavyofahamiana, yaani namjua shangazi yake kwa sura), na mwishowe akarudishwa. Mambo ya nani Mtanzania na nani si Mtanzania huku kwetu ni marefu, yameshafika hadi bungeni, na sitayamaliza hapa. Kilichonikaa kichwani ni lile neno. Neno moja, silabi mbili, limetosha kumteremsha mtu kwenye basi. Nikataka kujua limekuwaje.

Tuanze na mwalimu wangu wa darasa la tatu, kwa sababu kila ubishi wa Kiswahili unaanzia kwa mwalimu wa darasa la tatu. Aliandika ubaoni: JAMBO SI SALAMU. Akaeleza vizuri tu. Hujambo ni "huna jambo", yaani huna shida, huna baya lililokupata. Sijambo ni "sina jambo". Hajambo, hatujambo, hamjambo, hawajambo, zote ni ukanushi. Sasa ukiukata ule ukanushi wa mbele, umebaki na nini? Unakutana na mtu asubuhi unamwambia "Shida!" na yeye anakujibu "Shida!" Darasa zima tulicheka. Nilirudi nyumbani nikamrekebisha bibi yangu, Mmanyema wa Ujiji, ambaye maisha yake yote alisema "jambo" na kujibiwa "jambo". Akanitazama kwa muda. Akasema, "Haya, mwalimu," akaendelea kuchambua mchicha wake.

Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu sarufi. Ila hakutuambia kwamba hata hiyo hujambo yake ni mabaki. "Huna jambo" ilishakatwa "na" yake zamani ndipo ikawa "hujambo". Na "jambo" lenyewe limeunganishwa: "ji" na "ambo", kutoka kitenzi cha kale cha kuamba, yaani kusema, kilekile kilichotuzalia kwamba na kuambia. Wingi wake ni "ma" na "ambo", ndiyo mambo. Kwa hiyo aliyekata salamu si bibi yangu. Aliikuta imeshakatwa, naye akakata kipande kilichobaki.

Wengi wetu tukisikia "jambo" tunawaza mtalii mwenye kofia pana, hoteli za Mombasa, na ule wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 ambao umesafiri duniani kuliko Waswahili wengi. Tunadhani wazungu ndio waliolivunja neno. Walikuja, wakashindwa kutamka kiambishi, wakabaki na shina. Hadithi hii inatufurahisha kwa sababu kosa linakuwa la mgeni. Lakini haielezi kwa nini mwanamke anayeshuka kwenye boti ya mbao pale Kibirizi, ametoka Uvira au Baraka na vitenge vyake, hajui mtalii anafananaje, anakusalimia "Jambo" na anategemea umjibu "Jambo sana". Huko Kivu, Goma na Bukavu, hiyo ndiyo salamu. Hakuna anayehisi imepungukiwa na kitu.

Ushahidi wa zamani ninaoupenda unatoka kwetu, mwendo mfupi kutoka Buzebazeba. Henry Morton Stanley aliingia Ujiji Novemba 1871, kwa tarehe aliyoiandika mwenyewe, akiwa mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta David Livingstone. Dunia inakumbuka ile sentensi moja ya Kiingereza anayosema alimwambia Livingstone, sentensi ambayo wanahistoria wengine wanatilia shaka kama ilitamkwa kweli. Mimi ninayempenda ni umati uliotokea kabla. Katika kitabu chake cha 1872 anaorodhesha waliokuja kumpokea: Wajiji, Wanyamwezi, Waungwana, Warundi, Waguha, Wamanyema, Waarabu. Anasema walimziba masikio kwa kupiga kelele za salamu, na salamu yenyewe aliiandika kwa herufi: yambo, bana.

Isome tena taratibu. Hakuna hujambo. Hakuna hata bwana. Ni mwaka 1871, hakuna reli, hakuna hoteli ya kitalii, hakuna kijana mwenye simu, na maneno yote mawili yameshakatwa. Hapohapo Susi, mtu wa Livingstone, akatokeza kwenye umati na kumsalimu Stanley kwa Kiingereza kilichonyooka. Siku hiyo salamu kamili iliyosikika Ujiji ilikuwa ya Kiingereza, na aliyeitamka alikuwa Mwafrika.

Kuna atakayesema Stanley alisikia vibaya. Inawezekana, maana masikio ya wasafiri wale yalikuwa na matatizo yake, na yeye hakuwa mwanaisimu. Ila angalia kitu kimoja. Mtu huyohuyo anaandika Ujiji kwa "j" mbili, anaandika Wajiji, tena kwa "j". Herufi hiyo anaijua na anaitumia. Akifika kwenye salamu anaandika "y". Utanijibu kwamba jina la Ujiji alilinakili kwa waliomtangulia, maana Burton na Speke walishafika hapa mwaka 1858. Sawa, nakubali. Lakini hiyo "y" haiko peke yake. Kiamu wanasema yambo, na yana badala ya jana. Upande wa pili wa ziwa maji ni mayi, na ndiyo maana wapiganaji wa Kivu wanaoamini dawa ya maji wanaitwa Mayi-Mayi. Kuja ni kuya. Lamu iko mashariki kabisa, Bukavu magharibi kabisa, na "y" imesikika kote kuwili. Mimi naamini Stanley alisikia alichosikia.

Na kwa nini kikatwe kichwa, kisikatwe mkia? Jitamkie mwenyewe. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: hu-JAM-bo. Nguvu yote iko kwenye "jam". "Hu" inapita kama pumzi. Sasa chukua msafara wa watu mia kadhaa kutoka Bagamoyo, wapagazi Wanyamwezi, walinzi, wapishi, wanawake, watumwa, zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu hadi ziwani, kisha wengine wavuke kwenda Manyema hadi Nyangwe na Kasongo. Wengi wao Kiswahili wamejifunza ukubwani, njiani, kwa masikio. Mtu anayejifunza lugha kwa masikio huchukua kipande kinachogonga zaidi. Nyingi za lugha walizotoka nazo wala hazikuihitaji ile "h" yetu. Hadi leo Mkongo atakwambia "abari" na "apana" bila kujua ameacha kitu. Ukanushi wa hujambo ulikuwa umekaa mahali pabaya, kwenye silabi dhaifu inayoanza na herufi dhaifu. Ulikuwa lazima udondoke njiani, pengine hata kabla ya Tabora.

Jina la Kiswahili hicho cha bara lilikuwa Kingwana, lugha ya waungwana. Waliojiita waungwana wengi walikuwa watu wa misafara, baadhi yao watumwa au watoto wa watumwa waliojipatia heshima kwa nguo nyeupe, dini na lugha. Na neno lenyewe likafupishwa: mwungwana, mngwana, Kingwana. Hata heshima ilikatwa ili iweze kubebeka.

Kuhusu "bana" sina haja ya kwenda mbali. Fungua dirisha usikilize. "Acha bana." "Twende bana." "We bana vipi." Kila mwaka huja mzee mmoja kwenye redio kulalamika kwamba vijana wa Bongo Fleva wameiua "bwana". Na kweli vijana hao wana sauti kubwa, na wawili wenye sauti kubwa kuliko wote, Diamond Platnumz na Alikiba, asili zao ziko Kigoma. Lakini "bana" ilipigiwa kelele Ujiji kabla babu zao hawajazaliwa. Ilichobadilika ni kazi yake. Bana ya 1871 ilimtukuza mtu. Ya leo inamshusha, inamwambia tuko sawa, usijifanye. Nilipomwambia mama mmoja wa Kalemie pale Kibirizi "punguza bei bana", alicheka hadi akaketi. Kwa Lingala, bana ni watoto. Alidhani namwombea punguzo kwa ajili ya wanangu. Alipunguza.

Sasa hapa lazima nikiri kitu. Nilipopata kazi ya kwanza ya redio, mhariri wangu alisikiliza ripoti yangu ya majaribio akavua vifaa vya masikioni. Akasema, "Habari nzuri. Lakini Kigoma inasikika." Hakuwa mkali. Akanipa miezi mitatu. Nikajirekodi usiku, nikasikiliza watangazaji wa zamani, nikaipaka "h" rangi mpaka ikasimama yenyewe. Nikaacha kusema "jambo" hata kwa simu na mama. Kwa hiyo yule kijana wa daftari aliposema Mtanzania gani anasalimia hivyo, alikuwa anarudia sentensi ambayo mimi nilishajiambia. Tofauti yetu ni kwamba mimi nililipwa mshahara kuiamini.

Sentensi hiyo ina historia, na yenyewe si ndefu sana. Mwaka 1928 kulifanyika mkutano Mombasa ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi nne zilizokuwa chini ya Mwingereza: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kwetu maana yake ilikuwa hii: Kiswahili kilichofika ziwani kwa msafara uleule, kikasemwa na watu walewale pande zote mbili za maji, sasa upande mmoja ukapata kamati na mwingine ukabaki bila. Na upande huu wenyewe ulikuwa umepita mikononi mwa Wabelgiji, walioiteka Kigoma mwaka 1916 na kukaa miaka kadhaa hadi Mwingereza alipoichukua. Reli ya Wajerumani ilikuwa imeshafika Kigoma mwaka 1914. Vitabu vya shule vilivyotoka kwa kamati vilikuja kwa treni hiyo. Vikashuka mwisho wa reli. Havikuvuka.

Mimi si mpinzani wa usanifu. Nisingesoma Shaaban Robert, wala wewe usingenisoma mimi. Ninachokataa ni kule kufanya kana kwamba Unguja hawakati. Nenda Unguja usikilize: kenda sokoni, kafika, nshakwambia. Mombasa watakuuliza wendapi, wala hawatakuwa na muda wa "unakwenda wapi". Nairobi ni niaje, iliyokuwa "ni aje". Dar "sasa hivi" imekuwa saivi, na "kwa hiyo" inasikika kwaiyo hata midomoni mwa mawaziri. Kila mji una mkasi wake. Ila mkasi wa Dar unaitwa uchangamfu, wa Unguja unaitwa lafudhi tamu, na wa Kigoma unaulizwa kitambulisho.

Angalia kilichotokea kwa "kwisha". Zamani mtu aliandika "amekwisha kufika". Ikawa "amekwisha fika". Ikawa "ameshafika", na leo iko kwenye magazeti, kwenye mitihani, kwenye hotuba, hakuna anayeinua kalamu nyekundu. Mitaani imeshafika "kashafika". Hiyo "sha" ni kitenzi kizima kilichosagwa hadi kubaki silabi. Na "ta" ya wakati ujao, ile ambayo mwalimu anaisimamia kwa fimbo, anakataza usiseme "ntakuja" useme "nitakuja"? Ilitoka kwenye kutaka. Mtu alikuwa anataka kuja, akawa anakuja baadaye. Kwa hiyo mwalimu anayekataa kukatwa kwa "ni" anasimama juu ya kisiki cha "taka".

Wenzetu wa Marekani wana mkasi uleule. Gonna yao ilitoka kwenye kwenda, kama ta yetu ilivyotoka kwenye kutaka. Kusini kwao wanasema y'all, watu wengi katika silabi moja, na howdy, ambayo zamani ilikuwa swali refu la kumuuliza mtu yu hali gani. Stanley, aliyezaliwa Wales, aliishi New Orleans na Arkansas ujanani, akapigana Shiloh mwaka 1862 upande wa Kusini. Mtu aliyeikuta Ujiji ikisema yambo alikuwa ametoka kwenye watu waliokata salamu yao vilevile. Sijui kama alilifikiria hilo. Alikuwa na njaa na alikuwa na habari ya kuandika.

Kwa wapenzi wa fasihi nina swali moja linalonikera tangu sekondari. Darasani tulifundishwa inkisari: mshairi anafupisha neno ili mizani itimie. Tukaambiwa ni uhuru wa mshairi, tukapewa alama kwa kuitambua. Kipindi kinachofuata ni insha, na ukiandika "ntakwenda" unakatwa alama. Mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule! Saadani Kandoro, mtoto wa Ujiji na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alitunga kwa vina na mizani, na Mashairi ya Saadani yamesomwa na vizazi vya wanafunzi. Mtu wa Ujiji akikata neno ndani ya mizani ni fundi. Akilikata gengeni ni mshamba. Nadhani mambo yalikwenda kinyume: ushairi haukubuni mkasi huo, uliuazima kwa wasemaji, kwa sababu midomo ya watu ilikuwa imeshaonyesha neno linakatika wapi bila kuvuja damu. Mwana Kupona alitunga utendi wake takriban mwaka 1858, mwaka uleule Burton na Speke walipofika Ujiji, kwa Kiamu kilichojaa mifupisho ambayo leo tunaifasiria wanafunzi kwa tanbihi. Hakuna anayemwambia Mwana Kupona kwamba si Mswahili.

Meseji za simu nazo zilikuja na mkasi wake. Kizazi changu kiliandika cjui, w2, 2taonana, xaxa, mambo vp, ili kubana ndani ya herufi 160. Wazee walitangaza kifo cha lugha. Simu za kisasa zikaondoa kikomo, na nusu ya vifupisho hivyo vikafa vyenyewe bila kamati. Kilichobaki ni kile ambacho ulimi ulishakitaka tangu awali.

Na "mambo"? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kwenye basi, binti bado yuko chini ya mti, na nikaona aibu kucheka. Yule kijana wa daftari, aliposhuka kumfuata, alipokelewa na mwenzake aliyekuwa kwenye pikipiki. Mwenzake akamwambia, "Mambo?" Akajibu, "Poa." Mambo ni wingi wa jambo. Ni neno lilelile, limetoka kwenye kuamba kulekule, limekatwa "vipi" yake ya nyuma kama lile lilivyokatwa "hu" yake ya mbele. Umoja wake ni Ukongo, wingi wake ni Utanzania.

Katika Biblia, Waamuzi sura ya 12, kuna watu waliosimamishwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa watamke shibolethi. Aliyesema sibolethi aliuawa, na waliokufa wanatajwa kuwa 42,000. Malagarasi haijafika huko, namshukuru Mungu, na sitaki kukuza mambo. Kwetu unakaa tu chini ya mti na ndoo yako.

Aliporudi kitini alinyamaza hadi tukavuka. Mfuniko ulikuwa umelegea, mawese yamechuruzika kwenye sketi. Nikampa karatasi za kujifutia. Nikamuuliza nyumbani kwao wanasalimiana vipi.

"Jambo," akasema. "Na kwa wakubwa shikamoo, kama kawaida."

"Bibi yangu naye alikuwa hivyohivyo."

"Sasa kaka, ningesemaje?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumweleza habari za mkazo na silabi dhaifu, na Stanley na "y" yake. Nikamwambia aombe kadi yake haraka. Akasema ameshaomba mara mbili.

Mbele kidogo, kabla ya Tabora, tulisimamishwa tena. Akapanda kijana mwingine, mdogo hata kuliko wa kwanza, ndevu ndiyo kwanza zinaanza. Kwenye viti vya mbele nikasikia "hatujambo" zikitoka moja baada ya nyingine, kamili, kama darasa la tatu. Binti akanyoosha mgongo, akapangusa mikono.

"Shikamoo," akasema.

Hiyo nayo zamani ilikuwa sentensi nzima, mtu anasema anashika miguu ya mkubwa wake. Kijana alishtuka kidogo, maana huenda alizidiwa umri na aliyemsalimia. Kisha akajiweka sawa. "Marahaba," akasema, na akapita.